Kuwaita Watu wa Reli kwa Mlango wa Jikoni

Ukitaka kumtoa mtu nyumbani siku yake ya kupumzika, aje atengeneze kitu kilichoharibika kazini, usiende kwenye mlango wa mbele. Zunguka nyuma. Anzia jikoni. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka ya vita hapa Uvira, na kama kuna kitu ninachoweza kuwafundisha nyinyi vijana mnaoitwa kwa simu, ni hicho.

Juzi nilikuwa nakula na mjukuu wangu Innocent, mtoto wa Riziki wangu. Simu yake ikalia. Akaiangalia, akaigeuza uso chini kwenye mkeka, akasema kila Jumapili ni yeye tu, kama vile bandari nzima haina fundi mwingine. Rafiki yake aliyekuja kula naye akanuna. Akamwambia, "Weye unalia kwa sababu wanakuita. Minye tangu nianze hawajaniita hata siku moja ya ziada. Niko natamani hiyo simu ilie kwangu." Basi wakaanza kugombana mbele ya sahani yangu ya samaki wa mikeke, wote wawili wakiwa na haki, na shefu wao, mkubwa wa kazi, huko alipo anakula chakula chake salama. Nikacheka mpaka nikaweka tonge chini. Nilicheka kwa sababu ugomvi ule naujua sura yake. Niliuona ukiwa mdogo, niliuona ukikua, na siku moja niliupakia kwenye baiskeli nikaenda nao mpaka Kavimvira, mwisho wa mji upande wa kaskazini.

Kwanza mjue reli yenyewe. Zamani za wazungu kulikuwa na treni bondeni, mama yangu aliipanda. Minye nilikuta vyuma vyake tu, vingine vimeshakuwa nguzo za nyumba za watu. Kampuni moja iliyokuwa na bandari ndogo kusini mwa mji, jina lake nitaliacha maana watoto wa wenyewe tunasali nao, iliokota vyuma hivyo ikatandaza reli yake fupi. Inatoka kwenye depo, ghala la mizigo, inapita mbele ya atelye, pale mafundi wanapofanyia kazi, inashuka mpaka ndani ya maji. Juu yake kulikuwa na gari la chuma lenye magurudumu manene. Mashua kubwa ikiumia, gari linashushwa ziwani, mashua inalikalia, mashine inavuta kamba ya chuma, na mashua inapanda nchi kavu kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Watu waliotunza hiyo njia hawakuwa mabaharia wala maseremala. Waliitwa watu wa reli, na walijivuna nalo hilo jina kuliko dereva wa treni ya kweli.

Minye nilikuwa mpishi wao pale langoni. Bugali, maharagi, ndakala wale samaki wadogo, na sombe ya majani ya muhogo siku ya bahati. Nilisoma mpaka darasa la tatu, baba akasema inatosha. Lakini jina la mtu likishaingia kichwani mwangu halitoki. Mpaka leo naweza kuwaambia nani alikula pilipili na nani alitoa mifupa ya samaki kwa mkono wa kushoto.

Kabla ya vita, kuita watu ilikuwa kazi ya Papa Lubunga, mzee mmoja mwenye mguu mbaya. Alikuwa na kipande cha reli kimening'inia kwenye mti, anakipiga kwa nyundo, na watu wa zamu wanashuka. Vita ilipokuja, sauti ya chuma ikawa kitu kingine. Mara ya mwisho alipokipiga, kamba ya chuma tu ilikuwa imekatika, lakini mtaa mzima ulidhani ni mapigano, ukapanda mlimani na magodoro na mbuzi. Waliposhuka walimtafuta wampige. Alijificha nyuma ya sufuria zangu. Askari walioushika mji wakaja wakachukua nyundo, na kengele yetu ikaisha hivyo.

Ofisi ikamtuma Dieudonné, tarishi wao, kijana wa adabu, shati lake siku zote limepigwa pasi. Alitumwa Kavimvira kwa Kashindi. Kashindi alikuwa bingwa wa kriki, ile mashine ya kuinulia vitu vizito, hakuna aliyemzidi. Dieudonné akasimama njiani, akaita kwa sauti nzuri ya kanisani kwamba Kashindi anatakiwa. Kashindi akatokea kwenye dirisha la nyuma, akaingia kwenye matete, na hakuonekana mpaka kesho yake, miguu imechanika. Bibi yake wa ndoa, Mama Sifa, akatoka akamwambia Dieudonné polepole, bila ugomvi, "Baba, hapa jina la mwanaume haliitwi toka njiani. Waliita hivyo jina la jirani yetu. Hatujamwona tena."

Dieudonné alinihadithia hayo akila maharagi yangu. Nikamwambia kesho nitakwenda Kavimvira kutafuta unga, nitapita kwa huyo mama. Sikujua kwamba nimeshaajiriwa.

Sasa shikeni namna ya kazi.

Unapita nyuma ya nyumba, unabisha hodi kwa sauti ya kawaida ya mwanamke aliyekuja kuazima chumvi. Unamsalimia mama mwenye nyumba, unauliza watoto, unakaa kwenye kigoda. Halafu unachukua ungo wa maharagi ulio karibu, unaanza kuchambua mawe. Kama hakuna maharagi, kuna mboga za lenga-lenga za kuvunja au mpunga wa kupepeta. Mikono yako isikae bure. Hausemi kitu cha kazi. Mwanaume yuko ndani anasikia sauti yako na ya bibi yake, moyo wake unatulia, anajua waliokuja si wale wa bunduki. Mama akiona umechambua vizuri, yeye mwenyewe atauliza, "Ni mashua gani?" Hapo ndipo unasema.

Akibandika maji jikoni, mume wake anakuja: ataoga, atakunywa uji, umtangulie. Akikuletea maji ya kunywa na kuanza habari nyingine, mume haji, na hauulizi sababu. Labda ni mgonjwa, labda kuna kilio, labda amechoka tu. Unakunywa maji, unashukuru. Na maharagi uliyoyaanza unayamaliza, hata kama mashua inazama. Hilo Mama Sifa ndiye aliyenifundisha siku ile ya kwanza, nilipotaka kuondoka na ungo ukiwa nusu. Alisema mtu akiona umeacha kazi yake nusu, ataiachaje yake aifuate ya kwako?

Papa Lubunga naye alinifundisha zamu. Watu wa reli walikuwa makundi mawili. Kulikuwa na watu wa karibu, waliokaa hapa hapa jirani na bandari, mkubwa wao Wilondja. Na kulikuwa na watu wa mbali, wa Kavimvira na bondeni mpaka Runingu, mkubwa wao Kashindi. Juma hili likiwa la karibu, juma lijalo ni la mbali. Kazi ya kawaida wote wanakuja. Lakini ile ya kuitwa ghafla, ya Jumapili au baada ya saa za kazi, ni ya wenye juma lao. Aliyeitwa anapata unga wa nyongeza, na wakati ule unga ulikuwa ndio kila kitu. Zamu hiyo waliipanga wenyewe, kabla sijafika.

Tatizo lilikuja na Shefu Bertin. Si mtu mbaya, msinielewe vibaya. Mtu wa Bukavu, mpole wa sauti, ila miguu yake haikujua kukaa. Komanda wa askari waliokaa bandarini alikuwa anamsumbua kila asubuhi, kwa nini mashua hii haijatoka, kwa nini ile bado iko juu. Barabara zilikuwa zimefungwa kwa vita, chumvi na dawa za watu wa Baraka, mji wa kusini, zilipita ziwani tu. Basi kitu kikiharibika, Shefu Bertin alitoka mbio mpaka nyumba za karibu, anamchukua Wilondja na wenzake, iwe juma lao au si lao. Kwenda Kavimvira kuna barieri, vizuizi vya askari njiani, alisema, na wimbi halingojei zamu ya mtu.

Na alikuwa na haki kidogo. Wimbi kweli halingojei.

Lakini angalieni kilichotokea. Wilondja alikuja kunyauka kama majani ya muhogo juani. Siku moja alisinzia amesimama, mkono kwenye kamba ya chuma, kamba ikamchukua kidole. Bibi yake, Mama Nyota, akaja kwenye sufuria zangu akaniambia, "Mama Riziki, wanamla mume wangu vipande vipande, kwa sababu tu tunakaa karibu." Na huko Kavimvira ilikuwa kinyume. Nzeyimana wa Runingu, mkulima wa mpunga aliyeandikwa kwa kazi ya kuitwa tu, mtu mrefu mkimya, kila juma la zamu yake aliacha shamba akaja kulala kwa Kashindi ili akiitwa awe karibu. Alikaa juma zima anangoja, anakula chakula cha nyumba ya mwenzake, ananyoosha masikio kwa kila nyayo. Haitwi. Jumatatu anarudi Runingu mikono mitupu, na watu wa barieri wanamcheka kwamba huyu anakwendaga Uvira kulala.

Kwa hiyo watu wa mbali wakaanza kusema watu wa karibu wanajipendekeza. Watu wa karibu wakasema wale wa mbali wanapumzika wakati wenzao wanakufa. Mlangoni kwangu walikuwa wanakula kwa migongo. Kundi hili linatazama ziwa, kundi lile linatazama mlima, na minye katikati na mwiko wangu. Unaona, Innocent? Hakuna aliyekuwa anamtazama Shefu.

Ikafika siku ya Neema.

Neema ilikuwa mashua kubwa kuliko zote pale, na ilikuwa imepigwa tumboni na jiwe la ziwa. Jumamosi waliivuta juu ya gari, ikafika katikati ya njia, nusu kwenye maji nusu nchi kavu, wakaiachia hapo maji ya ndani yatoke. Jumapili, minye nimetoka misa ya kwanza, mvua ya mlimani ikaleta matope juu ya reli. Chini ya matope kulikuwa na jiwe. Matope yakalisukuma gari, gurudumu la mbele likapanda lile jiwe, likatoka kwenye chuma. Gari likainama. Neema ikalala ubavu kama mtu anayesikiliza ukuta. Nyinyi mnalijua ziwa letu: kivuli cha mlima kikishagusa maji, upepo unageuka na mawimbi yanaanza. Kila aliyekuwa pale alijua wimbi la jioni likiipata Neema imelala vile, litaivunja mgongo. Na mzigo wa Baraka ulikuwa tayari kwenye depo, unaingojea.

Shefu Bertin akakimbia kwa Wilondja. Akamkuta amekaa chini nje na wanaume wengine, kichwa amekifunika kitambaa. Mama mkwe wake alikuwa amefariki Ijumaa. Kilio kilikuwa hapo hapo kwake. Shefu akampa pole, kisha akamwomba aje. Wilondja akasema hapana. Si juma lake, ni juma la Kashindi, na yeye yuko kwenye kilio. Shefu akawaomba wenzake wa karibu, mmoja mmoja. Nao wakakaa chini kando ya Wilondja, kama nao mama mkwe ni wao. Hakuna aliyepandisha sauti. Nadhani ndicho kilichomtisha Shefu zaidi.

Akarudi langoni akiwa amelowa. Komanda alikuwa hapo anakunywa chai yangu. Alipoambiwa, akaweka kikombe chini akasema hiyo si kazi ngumu, yeye ana vijana na ana bunduki, mafundi watakuja kwa miguu yao au kwa miguu ya askari. Wanataka tu mtu wa kuwaonyesha nyumba. Wote wawili wakanigeukia.

Wanangu, nyumba zote nilikuwa nazo kichwani. Nani analala wapi, nani amehamia kwa shemeji yake, nani mlango wake wa nyuma unatokea kwenye matete na nani kwenye migomba. Wanawake wao ndio walionipa hayo, ungo kwa ungo. Kama ningetembea mbele ya askari siku ile, kila jiko la Uvira lingefungwa kwangu, na hilo ni dogo. Kashindi angesikia viatu vyao, angeingia kwenye matete, na safari hii nyuma yake kungekuwa na watu wenye bunduki.

Nikamwambia Shefu, si Komanda, "Shefu, ukitaka watu wa kukimbia, chukua askari. Ukitaka watu wa kutengeneza, njoo na minye. Weye mwenyewe, bila kofia ya kampuni."

Komanda akauliza kama mpishi ndiye mkubwa wa bandari siku hizi. Shefu alikuwa anautazama ule mti wenye kipande cha reli kisicho na nyundo, na najua alichokuwa anakumbuka: mtaa mzima juu mlimani, atelye tupu, hakuna mtu wa kukaza hata msumari. Akavua kofia, akaiweka juu ya mfuko wangu wa makaa. Akamwomba Komanda ampe mpaka kivuli cha mlima kiguse maji. Komanda akatazama mlima, akacheka, akasema sawa, naye atamaliza chai.

Byamungu aliyekuwa anabeba watu kwa baiskeli alinipakia minye, na ndugu yake akampakia Shefu. Byamungu alilalamika njia nzima kwamba kampuni itabidi imlipie tairi, kwa sababu mpishi akionja kila sufuria matokeo yake ni haya. Kwenye barieri Shefu alitaka kutoa karatasi zake. Nikamwambia atulie, nikawasalimia wale vijana, nikawapa vitumbua, tukapita. Tulipofika Mulongwe, katikati ya safari, nikatazama mlimani. Jua lilikuwa bado juu ya mlima, lakini si sana.

Kwa Kashindi nikamzungusha Shefu nyuma ya nyumba. Nikabisha. Mama Sifa alikuwa jikoni, na ungo ulikuwa hapo. Akamwona Shefu nyuma yangu, uso wake ukafunga. Lakini mgeni ni mgeni, akamvutia kigoda cha watoto. Shefu akakaa, magoti yamemfika masikioni. Nikachukua fungu langu la maharagi, yeye nikamsogezea lake.

Alichambua kwa haraka, kama anavyofanya kila kitu. Mama Sifa akamwangalia, akamwangalia tena. Akasema, "Shefu, uko natupa maharagi, uko nabakisha mawe."

Ilikuwa kweli. Ndani ya nyumba mtu akacheka puani. Shefu naye akacheka, jasho linamtiririka, akaanza kuokota maharagi yake kwenye udongo, moja moja. Hapo nilimpenda. Akaanza upya, polepole. Minye nilikuwa natazama kivuli cha mgomba kinavyorefuka, nikauma midomo nisiseme kitu. Kazi ile, ugumu wake si kutembea. Ugumu wake ni kukaa.

Mwishowe Mama Sifa akauliza, "Ni mashua gani?"

Shefu akamweleza yote. Neema, gurudumu, wimbi, mzigo wa Baraka. Mama Sifa akasikiliza mpaka mwisho. Maji hakubandika. Maji ya kunywa hakuleta. Akakaa tu na mikono juu ya magoti, akamwambia kwa adabu kwamba ndani ya nyumba ile kuna mgeni kutoka Runingu, amekuja kulala kwa ajili ya zamu yake juma baada ya juma, na hajawahi kuitwa. Yeye amempikia. Sasa anauliza: leo wameitwa kwa sababu ni zamu yao, au kwa sababu wale wa karibu wamekataa?

Swali hilo nilikuwa nimelibeba toka bandarini, na sikujua nani atalisema. Shefu angeweza kudanganya. Akasema ukweli, kwamba ni kwa sababu wale wamekataa. Halafu akasema, "Na walikuwa na haki kukataa. Ilikuwa zamu ya huku, nikaipita mimi. Nikiwa bado mkubwa pale, sitaipita tena. Mwenye kilio haitwi. Aliyetoka kuitwa apumzike. Na askari hawatakuja mlangoni kwa mtu kwa ajili ya kazi yangu."

Mama Sifa akanigeukia. "Mama Riziki, umesikia?"

Nikasema nimesikia.

"Na weye ndiye utakayekuja kuita?"

Nikasema ni minye, na kama si minye, ni mtu atakayekaa na ungo.

Akainuka, akachukua sufuria, akabandika maji. Hata hayajapata moto, Kashindi alikuwa amesimama mlangoni na kriki begani. Nyuma yake Nzeyimana, ameinama kwa urefu wake, amevaa ile suruali ya kazi ambayo haikuwahi kuchafuka. Kashindi akasema leo wataoga wakirudi.

Fundo lilibaki moja tu. Tulipofika bandarini, kivuli kilikuwa kimeshashuka mpaka kwenye paa za depo. Kashindi akazunguka gari, akalala kwenye matope, akatazama. Grisi hatukuwa nayo wakati ule, tulipaka mafuta ya mawese kwenye chuma, na niwaambie, chuma kinayapenda kama bugali. Nzeyimana alikuwa anatoa matope kwa mikono. Kriki ya kwanza ikakaa kulia. Ya pili wakatafuta pa kuiweka upande wa kushoto, juu ya gogo moja kati ya yale yanayolala chini ya reli. Gogo lilionekana zima, jeusi, zuri.

Wakati huo minye nilikuwa jikoni kwangu, nimerudi kwenye moto. Mama Nyota akaingia kwa nyuma. Bibi ya Wilondja, aliyefiwa na mama yake, kitambaa cha kilio kichwani. Akakaa kwenye kigoda changu, akavuta ungo wangu, akaanza kuchambua. Nikakumbuka kazi yangu, nikauliza, "Ni habari gani, mama?"

Akasema, "Wilondja hawezi kutoka kwenye kilio. Lakini anasema mwambie Kashindi, lile gogo la kushoto, la karibu na maji, limeoza ndani. Asiweke kriki hapo. Aweke mawe."

Nilikimbia mbele ya askari wote na sufuria ya Jumapili inaungua. Kashindi akapiga lile gogo kwa nyundo, likalia kama ngoma. Angepandisha kriki pale, Neema ingeshuka juu yake na juu ya Nzeyimana. Akaniangalia, akauliza nani kasema. Nikamwambia. Wilondja na Kashindi ndio wale waliokuwa wanakula kwa migongo. Kashindi akafuta uso kwa mkono wa matope, akasema tu, "Mpe asante. Mwambie kesho tuko kwenye kilio chake."

Wakajenga mawe, wakaweka kriki juu yake. Nzeyimana aliushika ule mpini kama mtu aliyeungoja mwaka mzima, na ndivyo ilivyokuwa. Gurudumu likainuka, likasita, likakaa kwenye chuma na mlio mdogo ambao kila mtu wa reli anaujua. Mashine ikavuta. Neema ikapanda. Kivuli cha mlima kilipogusa maji, na wimbi la kwanza lilipokuja, lilikuta reli tupu. Komanda alikuwa amelala kwenye kiti, kikombe changu juu ya tumbo lake.

Kesho yake watu wa mbali walikwenda kilioni na kuni na mfuko wa mpunga wa Runingu. Juma lile walikula kwangu uso kwa uso. Nilipata shida mpya, kelele zao.

Sitaki mfikiri tangu hapo kila kitu kilinyooka. Vita iliendelea, na kuna majina mengine humu kichwani ambayo sitayasema leo. Lakini zamu ilishika. Shefu mwingine alikuja baadaye, akajaribu kuipita, na watu wa karibu ndio waliomwambia leo si siku yetu, nenda Kavimvira. Kwa hiyo weye Innocent na huyo rafiki yako mlionuniana juu ya mikeke yangu, msigombanie simu. Kaeni pamoja, mpange juma lako na juma lake, halafu mwende wote wawili mkamwambie shefu wenu, kwa adabu, na mmoja akiitwa nje ya zamu, aseme jina la mwenzake. Na huyo shefu wenu kama anataka watu siku ya Jumapili, mleteni hapa. Ungo ninao.

Shefu Bertin alikaa na sisi mpaka vita ilipolegea. Juma lililofuata la watu wa mbali, kamba ilikatika mchana wa Jumapili. Nilikuwa na homa, sikuweza kutembea. Nilimwambia amtume Dieudonné, akakataa, akaenda mwenyewe na Byamungu. Mama Sifa ndiye aliyenihadithia baadaye. Anasema alisikia hodi nyuma ya nyumba, sauti ya mwanaume anayejaribu kuwa mdogo. Shefu akaingia bila kofia, akauliza watoto, akajivutia kile kigoda cha watoto na magoti yake masikioni. Akachukua ungo. Mama Sifa alikuwa anamwangalia vidole.

Safari ile Shefu alitupa mawe. Mama Sifa akainuka akabandika maji, kabla hata hajauliza ni mashua gani.